Mwenyekiti Aliyekataa Kufa

Mume wangu alikataa kufa mbele ya kanisa zima, na hadi leo kuna watu hapa Kapsoit wakikutana nami sokoni huniuliza kama bado yuko hai. Mimi huwajibu kwamba yuko, na anakula vizuri.

Kifo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa cha mchezo wa kuigiza: unaanguka juu ya mbao za kukodi, unalala kidogo, unainuka, unajipangusa vumbi na kwenda kula pilau. Watoto wa shule ya Jumapili hufa hivyo kila Pasaka na hakuna anayelalamika. Lakini wakati huo mume wangu alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti, kama alivyonieleza baadaye kwa uchungu mwingi, hafi ovyo ovyo mbele ya wakulima.

Nianze na hicho kiti, msije mkadhani kilikuwa cha ubunge. Kilikuwa cha kamati ya kituo chetu cha kununulia majani chai, kile kibanda cha mabati pale njia panda, ambapo tunapeleka majani tuliyochuma, karani anapima, halafu tunangoja lori la kiwanda. Mamlaka ya mwenyekiti ni haya: anashika ufunguo wa kibanda, anakemea wanaoruka foleni, na kwenye matanga anapewa maikrofoni baada ya chifu. Basi. Hiyo maikrofoni imevunja familia nyingi huku kwetu kuliko pombe.

Kiti kilikuwa cha mzee mmoja, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe wangu. Mume wangu alifiwa na baba yake angali mdogo, na mzee huyu ndiye aliyemchukua, akamsomesha, akampeleka jandoni. Alipotaka kunioa mimi, binti wa wenye duka waliohamia Kapsoit kutoka upande wa Mlima Kenya, ukoo mzima ulinuna. Walisema sijui lugha, sijui kusonga kimyet, ugali wao, inavyofaa, nitamharibu kijana. Mzee akasema mwanamke mwenye cherehani yake anatosha, kusonga atajifunza. Halafu akatukatia kipande cha shamba lake mwenyewe, chenye chai iliyokwisha kukomaa, tukajenga hapo. Nilianza kumwita baba siku hiyo na sijaacha. Na kama hayo hayakutosha, akamfanya mume wangu makamu wake kwenye kamati, akamkabidhi mambo yote ya usafiri wa majani.

Kisha akaja mhubiri.

Alikuwa mgeni wetu wa juma la uamsho, suti ya samawati na kitambaa cha kufutia jasho. Jumapili ya mwisho alifumba macho, akanyoosha mkono upande wa wanaume, akasema, "Naona kiti! Kiti kinahama! Kuna mtu hapo Bwana anamwinua!" Upande ule walikuwa wameketi wanaume wa kujaza lori, na kila mmoja alirudi nyumbani akiwa ameinuliwa. Fundi viatu alianza kuzungumzia siasa za wadi. Mwalimu mmoja aliacha kusalimia wenzake. Mume wangu aliniomba nimshonee koti.

"La nini?" nikamuuliza.

"Mama watoto, leader ni mavazi."

Nilimwambia viti nilivyoona vikihama siku ile ni vile vya plastiki, maana kwaya ilikuwa inatafuta nafasi ya kucheza. Akaniambia sina imani. Huenda ni kweli. Koti nililishona hata hivyo, na likamkaa vizuri, kwa bahati mbaya.

Mwaka huohuo kanisa lilikuwa linachangisha pesa za kujenga ukumbi, na kijana wetu mmoja anayefundisha chuo kikuu kule Kabianga akajitolea kutuandikia mchezo. Tulitarajia Yusufu na ndugu zake, kama kawaida. Akatuletea msiba. Jemadari wa kale anaambiwa na mwanamke mtabiri kwamba atakalia kigoda cha mfalme kabla wimbi halijavunwa. Badala ya kungoja wimbi, anatia sumu kwenye kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, anamkaribisha mfalme ambaye ndiye aliyemlea, mfalme anakunywa, anakufa. Jemadari anakalia kigoda. Hapo sasa ndipo shida inapoanza, kwa sababu anaogopa kila kibuyu. Yeye anajua kibuyu kinaweza kubeba nini. Anakataa maziwa, anakataa uji, mwishowe anakataa hata maji ya mto, na anakufa kwa kiu, vibuyu vimemzunguka.

Mzee alipewa ufalme kwa sababu sura alikuwa nayo tayari. Mume wangu alipewa ujemadari, na aliyempa ni mchungaji wetu mwenyewe, sijui kwa kutojua au kwa kujua sana. Mimi niliombwa niwe mke wa jemadari. Nilikataa, nikasema kazi hiyo naifanya nyumbani na hakuna anayenipigia makofi. Nikabaki na mavazi. Mwandishi wetu alitaka mfalme akishakufa abaki palepale jukwaani chini ya blanketi hadi mwisho wa mchezo, "kama symbol," alisema, "ya guilt." Mzee akasema ikiwa kazi ni kulala, ataiweza. Kwenye mazoezi alikoroma.

Katikati ya mazoezi hayo ndipo mvua ya masika ilipotukamata. Barabara ya chini ikawa uji, na alasiri moja lori la kiwanda likazama kwenye matope kabla halijafika kwetu. Majani chai hayangoji mtu. Yakikaa kwenye magunia yanapata joto, yanakuwa mekundu, na kiwanda hakiyataki. Dawa ilikuwa moja, kuita lori lingine lipitie barabara ya juu, na namba ya msimamizi wa malori ilikuwa kwa mume wangu peke yake. Mzee alikuwa amemwomba mara nyingi awape na wengine. Mume wangu aliificha namba ile kama mke wa pili.

Mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha ushonaji kando ya lango letu, dirisha wazi nipate mwanga, na yeye amekaa kwenye kigoda anajaribu taji la kadibodi nililomtengenezea. Simu yake ilikuwa juu ya cherehani. Ikalia. Nikaona ni mzee.

"Ni baba," nikamwambia. "Shika."

Akaitazama. Akaigeuza uso chini.

"Kituoni kuna shida ya lori, si umesikia?" nikasema. "Shika simu."

"Acha ilie," akasema. "Si yeye ndiye chairman?"

Ililia mpaka ikachoka, ikalia tena. Niliponyoosha mkono niishike mwenyewe, aliichukua, akaizima, akaitia mfukoni mwa koti. Nilimwambia maneno siku ile ambayo siwezi kuyaandika katika maandishi ambayo mchungaji anaweza kuyasoma. Akasema mimi sielewi siasa. Majani ya kituo kizima yaliharibika, ya wajane, ya vijana wanaochuma kulipia karo, na yetu pia. Hilo ndilo lililonishinda kabisa. Mwanamume anaunguza majani yake mwenyewe, niliyoyachuma mimi kwa mgongo huu, ili mtu mwingine aonekane hafai! Wahenga wanasema asante ya punda ni mateke, lakini punda walau hajipigi teke mwenyewe.

Mkutano wa wakulima uliitwa. Watu walikuwa na hasira, na mume wangu alizunguka katikati yao amevaa koti langu, akisema kwa huzuni kwamba mzee wetu ni mtu mzuri, ni vile tu umri umemfikia, pengine alikuwa amelala. Mzee alisimama. Nilidhani atauliza simu yake iliishia wapi. Alivua kofia, akasema, "Majani yameharibika mimi nikiwa mwenyekiti. Ni langu." Akaweka ufunguo wa kibanda juu ya mizani, akaketi. Mume wangu akachaguliwa kwa kunyoosha mikono. Akarudi nyumbani akiimba wimbo wa yule mhubiri.

Mimi nilibaki na neno kooni. Nilimwambia nyumbani kila siku, kwa upole na kwa ukali, aende kwa mzee aseme ukweli. Jina la mzee lilikuwa limekwisha kuwa mchezo. Watu wazima walikuwa wakipishana naye njiani na kumuuliza kama ameamka. Mtu aliyeshika kituo kile tangu chai yetu ikiwa miche! Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja tu, jina lake lisafishwe, na lisafishwe na yule aliyelichafua.

Kumbe mwenye kulichafua naye alikuwa na shida zake. Alianza kuogopa. Alijua jinsi mwenyekiti anavyoangushwa, kwa hiyo akaona kila mtu anamwangusha. Akanunua thamosi, akawa anakwenda nayo kwenye mikutano, hataki kunywa kilichochemshwa kwa mtu. Hebu fikiria: mwenyekiti wa chai asiyekunywa chai ya watu. Mke wa mzee aliendelea kutuletea mursik kila juma kama zamani, akionja kwanza kabla ya kutukabidhi, ndivyo desturi ilivyo, na mume wangu akawa anasema tumbo linamsumbua. Niliinywa mimi. Nikanenepa. Nilimuuliza kama jukumu lake kwenye mchezo limekwisha au anaendelea nalo nyumbani, akaniambia nisichanganye mambo ya kanisa na kazi.

Siku ya mchezo uwanja wa kanisa ulijaa. Chifu alikuwa mbele, wazee wa kanisa, na wakulima wote wa kituo, wengine wakiwa wamekuja moja kwa moja kutoka mashambani na vikapu vyao. Pazia zilikuwa shuka zangu. Mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Mtabiri alitabiri kwa sauti ya yule mhubiri, watu wakacheka hadi wakakohoa. Mfalme alikunywa, akaanguka polepole, kwa heshima, akafunikwa blanketi. Hakukoroma. Mume wangu alikalia kigoda na nikiri kwamba aliigiza vizuri. Alivyokuwa akivitazama vile vibuyu, mama mmoja karibu nami alinong'ona, "Huyu amesomea wapi?" Nikamwambia kwangu.

Ikafika saa ya kufa. Alitakiwa apige magoti, aseme neno la mwisho, aanguke. Akapiga magoti. Akatazama mbele, akaona wakulima wake wote wakimngoja aanguke, na wengine, sitawaficha, walikuwa wanangoja kwa furaha. Akainuka.

"Wakulima watukufu," akasema. "Mfalme huyu amepona."

Nyuma ya shuka nikamsikia mwandishi wetu akilia kwa sauti ya chini, "Chairman, die! Sir, please, die!"

Mume wangu hakumsikia, au hakutaka. Taji la kadibodi kichwani, akaanza kueleza mipango ya kamati, barabara ya chini itawekwa kokoto, bonasi ya mwaka huu itakuwa nzuri, umoja ni nguvu. Chifu akapiga makofi kwa mazoea. Watu walicheka, mwanzoni vizuri, halafu vibaya, kile kicheko cha kumwonea mtu haya. Mimi nilitamani ardhi ifunguke, inimeze mimi au imchukue yeye, yeyote aliye karibu.

Hapo blanketi likasogea. Mzee akajikunjua, akaketi palepale alipokufa, akamtazama.

"Kufa, kijana wangu," akasema. Hakupaza sauti, lakini alisikika hadi langoni. "Mimi nimekufa mara mbili mwaka huu, na bado niko."

Uwanja ulilipuka. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Mume wangu naye alicheka, akageuka amjibu mzee, akaona uso wake. Mzee hakuwa anacheka. Mume wangu akavua taji. Hakuanguka, aliketi tu chini, taratibu, miguu imenyooshwa mbele. Nikafunga pazia. Makofi yaliyopigwa sijawahi kuyasikia pale kanisani, na mwandishi wetu akatoka kuinama mara kadhaa, akisema ndivyo alivyokuwa amepanga.

Tulibadilishia nguo kwenye darasa la shule ya Jumapili. Nilikuwa namfungua mzee ngozi yake ya ufalme begani, na wale wengine walikuwa wamekimbilia pilau. Mume wangu alisimama mlangoni.

"Baba," akasema, "mara mbili ni gani?"

Mzee alingoja nimalize fundo. "Ile siku ya lori nilikuja kwenu," akasema. "Nilikuwa pale nje ya lango, nyuma ya ua."

Nilielewa kabla mume wangu hajaelewa. Huku Kapsoit baba mkwe haingii tu kwenye boma la mke wa mwanawe. Husimama nje hadi aitwe, na tangu simu zije, mzee wetu akifika langoni hupiga simu, mume wangu akatoka kumlaki. Siku ile alipiga akiwa nyuma ya ua wa miiba ya kayaba, hatua chache kutoka dirisha langu.

"Niliisikia ikilia," mzee akasema. "Nikamsikia mama hapa akikuambia ushike. Na nikakusikia wewe. Nikachukua pikipiki mpaka kituo cha jirani kuomba lori lao, nikapata limeondoka."

Mume wangu alishika fremu ya mlango. "Sasa, baba, mbona hukusema kwa mkutano? Ulikuwa na haki yote. Mbona ulikubali?"

"Wangekufukuza," mzee akasema. "Na ungerudi kwangu nikulee tena. Nimezeeka."

Akaichukua kofia yake, akaenda kula. Mimi nilikaa kwenye benchi la watoto, nikalia hadi ngozi ile ikalowa. Mume wangu aliniambia kwamba mkutano ujao atawaambia wakulima kila kitu. Nilimwamini. Nilimpikia chapati.

Mkutano ukaja, pale kituoni, watu wamekaa juu ya magunia na mabenchi. Mzee alikuwa mstari wa mbele. Mume wangu alisimama, akashika maikrofoni. Nikasema moyoni, haya, sema. Akasema, "Kwanza niwashukuru kwa vile mlijitokeza kwa mchezo wetu." Watu wakacheka. Naye akapata nguvu kutokana na kile kicheko, nikaona mabega yake yakirudi juu ndani ya koti, na akaingia kwenye habari za kokoto. Mzee aliinamisha macho. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee amelala tena!" wakacheka tena, na mume wangu, Mungu amsamehe, akatabasamu.

Nikasimama.

Wanawake ndio tunaochuma, lakini kwenye mikutano ile tulikuwa tukinyamaza, na mimi zaidi, mgeni wa miaka yote hii. Karani alisema niketi, kuna ajenda. Nikamwambia ajenda ni mimi.

"Siku ya lori," nikasema, "simu ya mzee ililia juu ya cherehani yangu."

Mzee alinitikisia kichwa ninyamaze. Sikunyamaza. Niliwaeleza yote, simu ilivyogeuzwa, nilivyosema shika, alivyosema acha ilie, mzee akiwa nyuma ya ua anasikia, na ufunguo aliouweka juu ya mizani akijua. Nilisema kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kiliponipotea nikasema kwa Kikipsigis changu kibovu, na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, watu wote walimgeukia mume wangu.

Alikuwa ameshusha maikrofoni. "Ni ukweli," akasema.

Tangu yule mhubiri aje, hilo lilikuwa neno la kwanza kumsikia akisema bila kulifanyia mazoezi.

Kelele ikazuka, na wengine wakavua kofia mbele ya mzee wakimwomba radhi, wakitaka arudi kwenye kiti. Akakataa, akasema wamchague mtu mwenye magoti mazuri. Mume wangu alikwenda kuketi kwenye benchi la mwisho, lile la kando ya mizani, na waliokuwa wameketi hapo wakahama wote. Mzee akainuka mstari wa mbele, akapita katikati ya watu na fimbo yake, akaenda akaketi karibu naye. Hakuna mwingine aliyewafuata. Mimi nilichelewa kidogo kwenda. Nilikuwa bado na hasira.